UFUNDI WA FIMBO ZA KUVULIA SAMAKI: JINSI YA KUZIUNDA NA KUZIKARABATI

Kwa walio wengi miongoni mwa wavuvi wa Unguja na Pemba, mshipi wa mkononi ndicho chombo walichokirithi kwa wazee wao, na hadi leo unawalisha. Fimbo ya kuvulia, yaani ufito mrefu wenye pete za kupitishia mshipi na kigurudumu cha kuukunjia kiitwacho rili, imeingia zaidi kwa njia ya boti zinazochukua wageni kwenda kuvua nduaro, sulisuli, jodari na nguru katika Mkondo wa Pemba na upande wa Nungwi. Wapo pia vijana wanaoitumia kuvulia kolekole wakiwa wamesimama juu ya miamba. Chombo hiki huagizwa kutoka nje na bei yake si ya kuchezea. Kwa hiyo fimbo nzima inapotupwa kwa sababu ya pete moja iliyopasuka, hiyo ni hasara inayoweza kuepukwa kwa uzi, gundi na subira ya siku mbili tatu.

Makala haya yanakusudiwa kuwapa mabaharia, vijana wenye mikono myepesi na wananchi wengine wanaopenda kazi hii maelezo ya namna fimbo inavyoundwa na inavyokarabatiwa. Ieleweke tangu mwanzo kwamba fimbo huvunjika mahali ilipoumia zamani. Huwa imegongwa na chubwi, imekanyagwa ndani ya boti, au imekunwa na tupa ya fundi mwenye haraka, na jeraha likakaa kimya kwa wiki au miezi. Samaki mkubwa hufika baadaye akalimaliza. Hapo nahodha humlaumu mgeni, mgeni huilaumu fimbo, na nguru huondoka na chambo pamoja na ndoana. Kazi ya kwanza ya fundi, kabla ya kushika uzi au gundi, ni kulitafuta jeraha hilo.

MWILI WA FIMBO

Zamani fimbo zilizosifiwa zilikuwa za mwanzi. Katika karne ya 19 mafundi wa Marekani na Uingereza waliupasua mwanzi, wakachonga vipande vyembamba vyenye pembe tatu na kuviunganisha sita kwa pamoja, ukapatikana ufito wenye pande sita. Mwanzi uliokuja kupendwa kuliko mingine ulitoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikaingia faiba, ile ile inayoundiwa boti, na katika miaka ya 1970 zikaingia madukani fimbo za nyuzi za kaboni. Leo fimbo nyingi zinazouzwa ni za faiba, za kaboni, au za mchanganyiko wa viwili hivyo.

Namna zinavyoundwa inafaa ijulikane, kwani ndiyo inayoeleza namna zinavyovunjika. Kitambaa cha nyuzi kilichorowa gundi huzungushiwa chuma kilichochongoka, kikaokwa katika tanuri hadi kikakauka, kisha chuma kikachomolewa. Kinachobaki ni bomba jembamba lililo wazi ndani. Nguvu ya bomba hilo imo katika nyuzi zinazokwenda kwa urefu wake. Mkwaruzo unaopita kwa urefu hudhuru kidogo, lakini mkwaruzo unaozunguka fimbo kama pete huzikata nyuzi hizo, na siku fimbo itakapopinda sana itakatikia hapo hapo. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kuondoa uzi wa zamani asikate kwa wembe kuelekea kwenye mwili wa fimbo. Wembe upitishwe juu ya mguu wa pete, penye chuma, kisha uzi ufumuliwe kwa ukucha.

Faiba ni nzito kidogo lakini ni mstahimilivu: ikigongwa ukingoni mwa boti husamehe. Kaboni ni nyepesi, ni ngumu, na hupeleka mkononi kila mdonoo wa samaki, ila haivumilii kugongwa. Kwa boti za wageni, ambamo fimbo hushikwa na watu wa kila aina, faiba au mchanganyiko hufaa zaidi, hata kama kaboni inapendeza zaidi dukani. Kadhalika kaboni hupitisha umeme. Wakati wa radi fimbo za kaboni zilazwe chini, wala zisisimamishwe katika mashimo yake kama milingoti, na mtu asipite na fimbo ndefu chini ya nyaya za umeme.

Ukaguzi hufanywa mchana kweupe. Fimbo ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, kisha ipitishwe polepole baina ya vidole huku ikizungushwa. Penye jeraha huonekana doa jeupe katika faiba, au husikika kijiufa kinachokwaruza ukucha. Ipindwe kidogo kwa mkono karibu na sikio. Ikitoa mlio wa kukatika kijiti kikavu, mahali hapo pamekwisha kufa. Pete nazo zikaguliwe kwa pamba: kipande cha pamba kikipitishwa ndani ya pete na kuacha nyuzi zake, basi kauri iliyomo ndani ya pete hiyo ina ufa, hata kama jicho halikuuona. Ufa huo mdogo ndio unaokwangua mshipi hadi ukakatika siku ya samaki mkubwa, na watu wakadhani mshipi ulikuwa mbovu.

KUPANGA PETE

Anayeunda fimbo mpya huanza kwa kuutazama ufito mtupu ukiwa umenyooshwa mbele ya jicho, kama fundi seremala anavyoutazama ubao. Hakuna ufito ulionyooka kabisa. Kipo pia kinachoitwa uti wa fimbo, yaani upande mmoja ulio mgumu zaidi kwa sababu kitambaa kimekutana hapo. Hupatikana kwa kuuegemeza mwisho mnene juu ya sakafu laini, kuishika ncha kwa wepesi na kuusukuma ufito katikati: wenyewe utajizungusha na kutulia upande mmoja. Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba pete lazima zifuate uti huo, na wapo wanaosema kwamba unyoofu ndio wenye haki. Kauli ya hawa wa pili ina uzito zaidi. Kinachoipotosha fimbo mkononi mwa mvuvi si uti, bali ni pete zenyewe zinapokuwa upande wa juu, kwani mshipi ukivutwa hutaka kuzipeleka chini. Ndiyo maana fimbo za rili inayokaa juu huhitaji kikalio kilichogandishwa barabara na mkono wenye nguvu.

Idadi ya pete huenda na urefu. Kanuni iliyozoeleka ni pete moja kwa kila futi, au moja zaidi, mbali na pete ya ncha; hivyo fimbo ya futi 7 huchukua pete 7 au 8. Nafasi baina yake ni kubwa karibu na mkono, nazo hupungua kuelekea nchani ambako fimbo hupinda zaidi. Lakini kanuni hiyo ni ya kuanzia tu. Hakimu ni mpindo wenyewe. Pete zifungwe kwa muda kwa vipande vya utepe wa karatasi, mshipi upitishwe, na mtu wa pili auvute taratibu hadi fimbo ipinde kama yenye samaki. Mshipi unatakiwa ufuate mpindo wa fimbo bila kukata kona kali. Ikiwa rili inakaa juu na mshipi ukagusa mwili wa fimbo baina ya pete mbili, pete zisogezwe au iongezwe moja. Fundi anayeruka hatua hii kwa kunakili vipimo vya fimbo nyingine hujidanganya, maana fito mbili za urefu mmoja huweza kupinda kwa namna mbili tofauti kabisa.

Kwa fimbo nzito za kuvulia nduaro hutumika pete za roda, yaani zenye vigurudumu vidogo. Hizi ni nzuri mradi zizunguke. Roda iliyoshikwa na chumvi ni mbaya kuliko pete ya kawaida, kwani mshipi huisugua mahali pamoja kama kamba ya ndoo inavyosugua ukingo wa kisima.

Wanaoundia wateja wa mashindano wazingatie pia vipimo vya IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa mwaka 1939. Kwa fimbo za kuvulia botini, sehemu ya kutoka usawa wa katikati ya rili hadi nchani isipungue sentimita 101.6, na sehemu ya nyuma ya rili isizidi sentimita 68.58. Mgeni anaweza kumpata samaki wa kuandikwa rekodi, akanyimwa haki yake kwa sababu fimbo ilikarabatiwa ikabaki fupi.

UZI NA GUNDI

Mguu wa pete unaotoka kiwandani mara nyingi huwa butu mwishoni. Usugulie kwa tupa laini hadi uwe mwembamba kama ncha ya ukuti, ili uzi uupande bila kuacha pengo, kisha upande wake wa chini ulainishwe kwa msasa usije ukaukwaruza mwili wa fimbo. Hapa ndipo majeraha mengi yasiyoonekana huanzia.

Uzi uwe wa nailoni au poliesta. Wa pamba huoza. Kuanza, uzi huzungushwa juu ya mwanzo wake wenyewe mara 5 au 6 hadi ukajishika, mkia ukakatwa, kisha ukaendelea kuzungushwa kutoka nje ya mguu kuelekea kwenye pete, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenziwe. Ikibaki mizunguko 8 au 10, huwekwa kitanzi cha uzi mwingine juu ya fimbo na kuzungushiwa pamoja nayo. Mwishoni uzi hukatwa, ncha yake ikatiwa katika kitanzi, na kitanzi kikavutwa. Ncha hupita chini ya mizunguko na kukazwa bila fundo lolote. Kazi hii haihitaji mashine. Kiti, kitabu kizito cha kuubania uzi na mtu asiye na pupa vinatosha. Mkazo uwe wa kiasi: pete isicheze ikiguswa, lakini ikubali kusogezwa kwa kidole gumba ili zote zipangwe katika mstari mmoja. Uzi uliokazwa kupita kiasi huubana mguu wa pete juu ya bomba, na hilo nalo ni jeraha. Baada ya kuzinyoosha pete, uzi usuguliwe kwa mgongo wa kijiko hadi mapengo yajifunge.

Gundi inayotumika juu ya uzi ni epoksi ya sehemu mbili. Makosa mengi hutokea katika kuipima. Aina nyingi huchanganywa sawa kwa sawa, na sawa hiyo si ya kukisia kwa jicho: yatumike mabomba mawili ya sindano, kila moja kwa sehemu yake, bila kubadilishana. Gundi iliyopimwa vibaya haitakauka hata ikikaa mwezi, na kuongeza dawa ya kukaushia kwa kudhani itaharakisha ni kuiharibu. Ichanganywe polepole kwa dakika 2 au 3, kisha imwagwe juu ya kipande cha karatasi ya fedha itandae. Ikiachwa imejaa kikombeni hupata moto yenyewe na kuganda upesi, khasa katika joto la visiwa hivi. Mikono iwe safi. Mafuta ya vidoleni huifanya gundi ikimbie na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo hubaki mpaka isuguliwe na kurudiwa.

Gundi ipakwe nyembamba kwa brashi laini, ijae mpaka ukingoni mwa uzi na kuvuka kidogo, ili maji ya chumvi yasipate mlango. Baada ya hapo fimbo hulazwa juu ya vibao viwili vilivyochongwa makato na kugeuzwa. Asiye na mota ndogo ya kuizungusha ataigeuza kwa mkono robo mzunguko kila baada ya dakika chache hadi gundi iache kutiririka, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Akisinzia, gundi yote itashuka upande mmoja ikaganda kama tone. Siku za masika, hewa inapokuwa na unyevu mwingi, gundi huweza kupata ukungu mweupe au kunata juu. Ni vyema kazi ingojee siku kavu. Mapovu huondolewa kwa kupitisha mwali mdogo wa taa ya spiriti chini yake kwa haraka, bila kusita mahali pamoja.

Epoksi isiyokauka huweza kuiletea ngozi mzio ambao ukishaanza humfuata mtu kila anapoigusa tena. Glavu zivaliwe. Vumbi la faiba na kaboni nalo halifai kuvutwa: kitambaa kifungwe puani na mdomoni, msasa utumike ukiwa umeloweshwa, na kazi ifanywe nje, mbali na watoto na vyakula.

UKARABATI

Pete ya ncha ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko zote. Kwa kawaida hushikizwa kwa gundi inayoyeyuka kwa moto, hivyo huondolewa kwa kuitia katika maji yaliyochemka kwa muda mfupi na kuivuta ikiwa imenyooka, bila kuisokota. Wengi hutumia kiberiti. Moto wa kiberiti huunguza gundi ya mwili wa fimbo yenyewe, na ncha huja kukatika siku nyingine. Ikiwa ncha imevunjika sentimita chache, sehemu iliyopasuka izungushiwe utepe na ikatwe kwa tupa nyembamba au msumeno wa meno madogo, kamwe isikatwe kwa koleo, kwa kuwa koleo hulikandamiza bomba likapasuka kwa urefu. Kisha hupachikwa pete mpya inayoingia bila kulazimishwa. Fimbo itakuwa ngumu kidogo nchani, na mvuvi wengi hawatatambua tofauti.

Kikalio cha rili kinachozunguka ni malalamiko ya pili. Sababu yake mara nyingi ni kwamba kiwandani nafasi baina ya kikalio na fimbo ilijazwa utepe wa karatasi, nao umelowa ukaoza. Dawa ya kudumu ni kukivua, kusafisha na kujaza upya kwa utepe wa nyuzi za faiba, ukiachwa nafasi za epoksi kushikana na fimbo moja kwa moja. Gundi zinazokauka kwa sekunde zisitumike hapa; zinavunjika kwa kugongwa.

Fimbo iliyokatika katikati ni suala jingine. Inaungika kwa kutia ndani kipande cha fimbo ya zamani chenye mchongoko unaolingana, kikaingia sentimita 6 hadi 8 kila upande wa mvunjiko, kikagandishwa kwa epoksi, na nje pakafungwa uzi na kupakwa gundi. Kwa ajili hiyo fimbo zilizokufa zisitupwe: ndizo ghala la fundi. Hata hivyo fundi mwaminifu atamwambia mwenye mali kwamba mahali palipoungwa hapapindi kama zamani, na mzigo husukumwa kando ya kiungo. Fimbo hiyo itafaa kwa changu, tasi na kolekole wadogo. Kumkabidhi mgeni aliyelipa kwenda kutafuta nduaro si haki, hata kama kiungo kimepakwa rangi kikapendeza.

Baharini, pete ikichomoka, yatosha kuifunga kwa uzi wowote imara na kuipaka rangi ya kucha. Itavumilia hadi jioni. Ndoana ikinasa mwambani, fimbo isitumike kuivuta; mshipi uzungushwe kwenye kijiti, si mkononi, na uvutwe kwa unyoofu. Samaki akifika ubavuni mwa boti, anyanyuliwe kwa wavu au kulabu. Fimbo ikiinuliwa wima hadi ikalala nyuma, mzigo wote huhamia katika ncha nyembamba, na hapo hata fimbo mpya isiyo na jeraha hukatika. Baada ya safari pete na kikalio vimwagiwe maji baridi, na viungo vya fimbo za vipande viwili visuguliwe kwa mshumaa ili visigandane.

Fimbo iliyoundwa au kukarabatiwa isiende baharini siku ya pili. Gundi huweza kuguswa baada ya saa 24, lakini ipewe siku kadhaa ikomae. Kisha ijaribiwe nchi kavu. Breki ya rili kwa kawaida hukazwa hadi kiasi cha theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Hivyo fimbo ya mshipi wa kilo 15 inapaswa kustahimili kilo 5, ambazo ni dumu la lita 5 lililojaa maji. Dumu lifungwe mshipini, mkono wa fimbo ushikwe kwa mshazari, na dumu liinuliwe taratibu kutoka ardhini, watu wakiwa wamesimama kando. Fundi asikilize. Ikiwa kimya, ishushwe, pete zikaguliwe tena kwa pamba, na mwenyewe aitwe aichukue.